Munkoyo Haiyasema

Benchi la mwisho katika kanisa letu la Kampemba halikuwa na egemeo. Lilikaa karibu na mlango, upande ule upepo ulikoingizia moshi wa kiwanda cha shaba, na kila aliyekalia benchi lile watu walijua amekaa kwa sababu gani. Tuliliita benchi la disipline. Waliowekwa pale walikuwa wametengwa na meza ya Bwana: hawakula mkate, hawakuimba kwaya, hawakuombea wengine. Na ukifa ungali wa benchi lile, unazikwa na ndugu zako tu. Pasta haji, kwaya haiji, kengele haipigwi.

Nkambo wangu, mama mzazi wa mama yangu, alilikalia majuma tisa. Alikuwa amepita miaka sabini, na kifua kilimbana kiasi kwamba kutoka nyumbani mpaka kanisani alipumzika mara nne. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kufa akiwa kule nyuma na kushushwa kaburini bila wimbo hata mmoja. Kila Jumapili nilimwona akijishusha juu ya ule ubao, akitanguliza kamto ka kitenge alikokashona mwenyewe, na kila Jumapili nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu aliyemfikisha pale ni mimi.

Nieleze munkoyo kwanza, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani nazungumzia pombe kali. Unapika uji wa unga wa mahindi, unauacha upoe, kisha unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Kufikia asubuhi uji umekuwa mwepesi na mtamu. Unauchuja, unakunywa. Mtoto anakunywa, mjamzito anakunywa, mgonjwa aliyeshindwa bukari anakunywa, na bukari kwetu ndiyo ugali. Hiyo ni munkoyo ya siku moja. Ukiiacha siku tatu, hiyo ni habari nyingine. Inachacha, inapanda kichwani, na ukifungua bidoni, lile dumu lake, unasikia vipovu vikinong'ona ndani. Wanywaji wa mtaani kwetu walikuwa na neno lao: munkoyo inasema. Hawakuonja kwanza. Walitega sikio kwenye mdomo wa bidoni, na wakikuta kimya walimrudishia mwenye kuuza, wakimwambia haiyasema, yaani haijasema bado.

Nkambo alizaliwa upande wa Pweto, na kabla kifua hakijamharibikia aliuza samaki wakavu sokoni. Munkoyo alipika kila siku, na iliyobaki jioni aliimwaga kwenye mchicha. Hakuwahi kuiacha ilale mara mbili. Mwanamke huyo hakujua hata harufu ya lutuku, ile gongo ya kwetu, isipokuwa kwa kupishana na walevi njiani.

Pasta wetu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ambayo hata ikisoma matangazo ya harusi unaona umebarikiwa. Alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai ambayo serikali iliwataka wanaume waivae, na yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa ameanza vita na pombe, nami nilimuunga mkono kabisa. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na nilijua wanafunzi wangu wangapi walikuja bila kula kila mwisho wa mwezi baada ya baba zao kupita baa. Wanawake walimpenda. Mimi pia nilimpenda, na nalisema wazi ili isionekane kwamba nilikuwa na chuki naye tangu mwanzo.

Kisha Jumapili moja akaiweka munkoyo kwenye orodha ya vinywaji vilivyokatazwa. Mimi sikuwepo. Sisi walimu tulikuwa tumeitwa uwanjani kufanya mazoezi ya nyimbo na ngoma za chama tawala, na miaka ile hukuuliza kwa nini siku ya Bwana. Mama alibaki nyumbani kumwangalia nkambo, baba alikuwa zamu kiwandani. Basi nyumba nzima hatukusikia kwamba pasta amesimama akatamka maneno ambayo baadaye niliyasikia kwa watu kumi: "Pombe ni pombe, ikuwe ya leo, ikuwe ya juzi."

Jumanne akaja kumwombea nkambo. Aliomba vizuri, nkambo akalia, mama akalia. Nilipomsindikiza mlangoni akaniuliza kwa upole mgonjwa anakula nini siku hizi, anapata wapi nguvu. Nikamjibu nikitabasamu kama mwalimu mbele ya mkaguzi.

"Munkoyo tu, pasta. Asubui na magaribi."

Aliinamisha kichwa, akanishukuru, akaenda zake. Jumapili iliyofuata nkambo alisomwa mbele ya kanisa kwamba ametengwa. Na alisomwa kwa majina yake yote mawili, la mababu na lile la ubatizo ambalo serikali ilikuwa imelipiga marufuku, ili asije akadhaniwa mwanamke mwingine. Nilikuwa nimesimama kwenye kwaya na kitabu mkononi. Sikufungua mdomo.

Sikuufungua nyumbani pia. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, si pale mlangoni. Nkambo alipofika nyumbani alikaa juu ya mkeka akaanza kutafuta nani amemchongea, na akampata upesi. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mke wa fundi cherehani, Waislamu wenye asili ya Maniema, na kila asubuhi nkambo alimpelekea kikombe cha munkoyo, naye akaturudishia kikombe kile na chapati juu yake. Nkambo akaamua kwamba huyo ndiye aliyetangaza kwenye bomba la maji mpaka habari zikamfikia mke wa pasta. Kesho yake kikombe hakikwenda, na chapati hazikuja. Yule mama alitusalimia siku tatu juu ya ukuta bila kujibiwa, kisha akaacha. Mimi nilikaa kimya nikisahihisha madaftari. Nilijiambia kwamba mgonjwa wa kifua hapaswi kushtuliwa. Sababu nzuri sana, nami niliitumia majuma tisa.

Kifua kikazidi. Kuna asubuhi nkambo alishindwa kumaliza sentensi, na mama akatoka bila hata kufunga kitambaa vizuri, akaenda kwa mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, ambaye tulimwita mama prezida. Alikuwa mkunga mstaafu, mnene, mpole wa sauti, na nusu ya wazee wa baraza aliwapokea yeye siku walipozaliwa au alipokea watoto wao. Mama alimwomba jambo moja: kesi ya nkambo isikilizwe tena kabla hajafa. Mama prezida akasema itasikilizwa Jumatano.

Nkambo alisema haendi mikono mitupu. Jumanne jioni alipika munkoyo yake kama kawaida, na Jumatano mchana nikaibeba kwenye bidoni ya lita tano mpaka kanisani, yeye akinifuata kwa mkongojo na kamto kake kwapani. Nilimuuliza ya nini kubeba ushahidi wa kosa. Akaniambia waonje wenyewe, halafu waseme kama mtu anaweza kulewa kwa kitu kile.

Tulikaa mbele, karibu na meza. Walikuwepo wazee watano wa baraza, mama prezida, pasta, mama, nkambo na mimi. Bidoni niliiweka sakafuni katikati yetu. Mzee mmoja aliitazama kwa jicho la pembeni. Mama alieleza ugonjwa. Mama prezida akauliza kama munkoyo ya siku moja inaweza kuhesabiwa pombe. Wazee wakakuna videvu. Pasta akajibu kwa sauti yake ile nzuri kwamba hawezi kuweka sheria mbili, kwamba shetani anaingia kwa mlango mdogo, na kwamba mbele za Mungu munkoyo ni munkoyo. Mama prezida akasema, basi pasta, tuangalie hii iliyo mbele yetu.

Pasta akainama akaichukua bidoni. Nadhani alitaka kuiinua juu kama walimu tunavyoinua kitu cha somo. Lakini mwili wake ulimtangulia. Mkono mmoja uliishika chini, wa pili ukazungusha kifuniko, kichwa kikalala upande wa kushoto, na sikio likatua kwenye mdomo wa bidoni. Akasikiliza. Akairudishia kifuniko.

"Haiyasema," alisema.

Mimi nilidhani nimesikia vibaya.

"Pasta, unasema je?" mama prezida aliuliza.

"Minasema hii munkoyo haiyasema."

Alilisema mara ya pili na ndipo akalisikia mwenyewe. Niliuona uso wake. Bidoni ilikuwa bado mikononi, na hakujua aiweke wapi.

"Na njo nani alikufundisha kama munkoyo inasemaka?"

"Bantu banasemaka, mama," alijibu pasta, kwamba ndivyo watu husema.

"Bantu banasemaka na kinywa," mama prezida alimjibu polepole. "Weye unatia sikio."

Nilitaka kupiga makofi. Nilitaka pia kumpiga yeye, kwa bidoni ile ile. Majuma tisa bibi yangu alihesabu pumzi zake kwenye ubao usio na egemeo kwa sababu pombe ni pombe, na mtu huyu alijua tofauti kati ya leo na juzi kwa sikio tu, bila hata kuonja. Mama alinishika goti chini ya kitenge chake ili nisiinuke.

Pasta akakaa kwenye kiti. Sauti nzuri ilikuwa imemwacha. Alisema mama yake anaishi Kipushi na anapika munkoyo ya siku tatu, na kwamba kila Jumamosi anapotangaza anakwenda kutembelea wagonjwa wa kule, anakwenda kwa mama yake, anakunywa mpaka usingizi unamchukua juu ya kiti. Alisema alianza kuikemea madhabahuni akidhani atajiogopesha mwenyewe. Lazima nikiri kwamba maneno yale ya mwisho yaliniingia, ingawa sikupenda yaniingie.

Mzee mkubwa wa baraza akawahi. Alitaka nkambo arudishwe mezani, lakini kwa utulivu, na mambo ya pasta yabaki ndani ya kuta hizi nne, maana aibu ya mchungaji ni aibu ya kundi, na siku hizi watu wa chama wanatafuta tu sababu ya kuyacheka makanisa. Wawili wakamuunga mkono. Nilimwona pasta akiinua macho kidogo, kama mtu aliyetupiwa kamba, na moyo wangu ukashuka.

Mama prezida hakupandisha sauti.

"Nkambo alisomwa mbele ya kanisa," alisema. "Basi naye atasomwa mbele ya kanisa."

Kisha pasta mwenyewe, bila kuulizwa, akatikisa kichwa kukubali. Alisema tu ndiyo, iwe hivyo, na tangu hapo mabega yake yakateremka kama mtu aliyetua gunia. Wakaamua kwamba munkoyo ya siku moja si pombe, kwamba nkambo anarudi mezani Jumapili, na kwamba pasta atakaa benchi la nyuma muda ule ule aliokuwa akiwapa wengine, yaani miezi mitatu, na mchungaji wa parokia nyingine ataombwa ashike ibada.

Nkambo alikuwa amefuata yote hayo akiwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili. Akavuta pumzi ndefu kadiri alivyoweza.

"Bon," alisema. "Sasa naweza kufa?"

"Ngoja dimanche kwanza," mama prezida alimjibu, yaani Jumapili, na tukacheka wote, hata mzee mkubwa, hata pasta, kicheko cha watu waliokuwa wamebana tumbo siku nyingi.

Changu kilikatika kabla ya vyao. Mtu niliyetaka kumpiga alikuwa amesema lake mbele ya watu tisa, na mimi langu nilikuwa nalo bado. Njiani nkambo aliposimama kupumzika mara ya pili, nikaweka bidoni chini nikamwambia. Nilimwambia kwamba jirani hakusema neno, aliyesema ni mimi, pale mlangoni, kwa kutojua, na kwamba baada ya kujua nilinyamaza kwa woga. Nilitegemea atanishika mkono. Hakunishika. Alinitazama kuanzia kitambaa mpaka viatu, akasema neno moja la Kibemba ambalo sitaliandika, akaendelea na safari bila kupumzika mara ya tatu wala ya nne. Sijui pumzi aliipata wapi.

Alikaa bila kusema nami mpaka Ijumaa. Ijumaa asubuhi akanijazia kikombe, akanielekeza ukutani kwa kidevu. Nikaenda kwa mke wa fundi cherehani nikapiga magoti mlangoni mwake, mwalimu mzima, wanafunzi wangu wawili wakipita na ndoo za maji, nikamweleza yote. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema alikuwa amefikiri nkambo amemchukia kwa ajili ya dini, na hilo lilimuuma kuliko kikombe. Kisha akakipokea, akaniambia nisubiri, mafuta yalikuwa tayari motoni. Nilirudi na chapati mbili, nikalia nikiwa nimezishika, kwa furaha ya kutokuwa na kitu cha kuficha.

Jumapili mchungaji mgeni alisoma jina la nkambo kwanza, kwamba amerudishwa. Kisha akasoma la pasta, yote mawili, la mababu na la ubatizo, na sababu yake bila kuzunguka. Pasta alisimama, akaomba msamaha kwa kanisa, kisha akamgeukia nkambo akamwomba yeye peke yake. Hakulia na hakuhubiri, na namshukuru kwa hilo. Halafu akatembea mpaka nyuma katikati ya watu wote waliokuwa wakimtazama.

Nkambo naye alikuwa bado kule, maana alikuwa hajaitwa mezani. Alipoitwa, niliacha kwaya nikaenda kumshika mkono. Aliinuka, akatazama kamto kake pale ubaoni. Nilinyoosha mkono nikakachukue. Akanizuia.

"Kaachie pasta," alisema, na watu wa mistari mitatu walimsikia. "Ile banc iko nguvu sana, inaumizaka."

Mkate aliula taratibu. Divai kanisani kwetu ilikuwa grenadini, sharubati nyekundu ya chupa, iliyochanganywa na maji, na mwezi ule grenadini ilikuwa imeadimika madukani, basi maji yalizidi. Nkambo alikunywa, akarudisha kikombe, akaninong'oneza kwamba haina sukari. Nilikaa naye mstari wa mbele badala ya kurudi kwenye kwaya. Kwa mara ya kwanza tangu majuma yale yaanze nilisikia pumzi yake bila kuihesabu.

Pasta alimaliza miezi yake yote mitatu. Kamto alikarudisha mwenyewe, kamefuliwa, kameshonwa upya pembeni palipokuwa pamefumuka, na nkambo akamwekea kikombe cha munkoyo ya siku hiyo. Alitaka kuingia nacho ndani. Nkambo akamwambia akae palepale mlangoni, akakinywa huku watu wa barabarani wakipita na kumsalimia.

Nkambo aliishi miaka mitano mingine, huyu aliyekuwa na haraka ya kupewa ruhusa ya kufa. Siku alipoondoka, mama alimlaza kichwa juu ya kamto kale kale. Kengele ilipigwa, nikaisikia nikiwa darasani nikajua. Kwaya ilikuja yote, na jirani yetu alisimama na wanawake, mkono mmoja juu ya bega la mama. Pasta alikuwa amehamishiwa Kipushi, lakini alikuja, na kaburini ndiye aliyepewa nafasi ya kusoma. Aliinua karatasi, akaishusha bila kuitazama, na kwa sauti ile nzuri akamtaja nkambo kwa majina yake yote mawili.